AFYA NA KAZI: Kibano cha Mkono, Nani Akinunue na Kipi Akinunue

Nchi ya Kericho na Bomet imesifiwa sana kwa miguu ya watu wake. Marehemu Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya shaba, katika mbio za meta 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Na mwaka 1968 mjini Mexico City akapata ya fedha katika mbio zizo hizo. Hata hivyo, chai ya nchi ile haikukuzwa kwa miguu bali kwa mikono. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanzisha mashamba yao huko katika miaka ya 1920, na tangu lilipoundwa shirika la KTDA mwaka 1964 ili kuwahudumia wakulima wadogo, mkono wa mchumaji ndio uliotangulia mbele ya kila kitu. Majani mawili na chipukizi lake huvunjwa kwa gumba na kidole cha shahada, tena na tena, tangu asubuhi hata jua linapopinduka.

Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana wengi wa huko wanatamani mikono yenye nguvu, na kwamba kile chombo kidogo cha mazoezi, kibano cha mkono, kimewapendeza. Chombo chenyewe ni mipini miwili iliyounganishwa kwa springi. Mtu hukishika katika kiganja, hukibana mpaka mipini igusane, kisha hukiachia polepole. Hakihitaji uwanja wala umeme, nacho huingia mfukoni. Lakini kibano kisichomfaa mwenyewe huishia kutundikwa msumarini kabla ya mwezi kwisha, na pengine humwachia maumivu ya kifundo cha mkono yanayokaa kuliko hamu ya mazoezi. Sababu yake kubwa ni moja: mnunuzi ametazama nguvu ya kibano, asitazame kazi ya mkono wake.

MKONO HUSHIKA KWA NJIA TATU

Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo katika vidole vyenyewe. Imo katika kigasha, yaani baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu avutaye ndoo kisimani kwa kamba. Kano 9 za namna hii, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, hupita katika mfereji mwembamba uliomo kifundoni upande wa kiganja. Mfereji huo hautanuki. Mambo ya ndani yake yakivimba kwa kazi iliyopita kiasi, mshipa wa fahamu hubanwa, na mtu husikia ganzi katika gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati, hasa nyakati za usiku.

Basi, mkono hushika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kubana, yaani kufunga vidole vyote kwa nguvu kuelekea kiganjani. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu akamuaye ng'ombe au akataye ua kwa mkasi mkubwa. Ya pili ni kufinya, yaani kushika kitu baina ya gumba na vidole. Hivyo ndivyo afanyavyo mchumaji wa chai. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kufinya gumba hubeba nusu nzima ya kazi. Ya tatu ni kushikilia, yaani vidole kukaa vimefungwa kwa muda mrefu bila kuachia. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu aliyebeba mtungi wa maji au anayevuta kamba.

Ni lazima jambo hili lifahamike vema kabla ya mtu kutoa fedha yake, kwa kuwa kibano hufundisha njia ya kwanza zaidi kuliko nyingine zote. Mtu atakaye gumba lenye nguvu hatalipata kwa kubana springi tu, na mtu atakaye kushikilia kamba bila kuteleza hatalipata hilo pia.

KILA MTU NA HAJA YAKE

Karani wa Kericho mjini, ashindaye kutwa mbele ya meza, mikono yake hufanya kazi nyepesi. Huyu ndiye ambaye kibano kinamfaa zaidi kuliko wote. Aanze na kibano anachoweza kukifunga kabisa mara 10 hadi 12 mfululizo, na mara ya mwisho iwe ya kujikaza. Kikimshinda baada ya mara 3, hicho bado si chake. Akikifunga mara 30 bila kuona uchovu, hicho hakimfai tena.

Mfugaji wa Bomet akamuaye ng'ombe wawili au watatu kwa mkono, asubuhi na jioni, amekwisha kubana mara mamia kabla ya kwenda kulala. Kibano kwake si dhambi, lakini atumie siku ambazo kazi ni chache, wala asikitumie mara tu baada ya kukamua.

Mwanamichezo naye afikiri juu ya mchezo wake. Katika kuvuta kamba, mchezo uliokuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920, kinachohitajika ni kushikilia. Kwake yeye kuning'inia kwenye boriti imara, au kutembea na mitungi miwili ya maji iliyofungwa kitambaa kinene mkononi mwa mtungi, ni bora kuliko springi. Na mrusha mkuki akumbuke kwamba Julius Yego wa Nandi, aliyekuwa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa kurusha meta 92.72, hakurusha kwa kiganja peke yake. Nguvu ya mkuki huanza miguuni, hupanda kiunoni na begani, na mkono huwa wa mwisho kuipokea.

Anabaki mchumaji wa chai, na hapa ndipo pana neno kubwa. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Akiumia kifundo, hakuna mwingine atakayemjazia kikapu chake, na juma moja la kukaa nyumbani ni juma moja la mfuko mtupu. Mkono wake haukukosa kazi ya kukunja vidole; umeipata kupita kiasi. Kumwongezea kibano kigumu jioni ni sawa na kumwongezea ng'ombe wa jembe ekari nyingine wakati ambapo wenzake wamekwisha kufunguliwa nira.

Kinachomfaa mchumaji ni kinyume cha kibano. Achukue mpira mpana kama ule unaofungia noti, auzungushe kwenye ncha za vidole vyote vitano, kisha avifungue vidole kwa nje, polepole, mara 15 hadi 20. Misuli ya kufungua vidole imo upande wa juu wa kigasha, nayo husahauliwa na kila mtu, ingawa ndiyo inayokitegemeza kifundo wakati vidole vinapokunjwa. Mpira huo hugharimu senti chache. Mwuza duka huenda akamwambia, "Bwana, chukua hiki kikubwa, wenye nguvu wote wanakipenda." Mchumaji ana haki ya kujibu, "Asante, mzee, nguvu zangu nimeziacha shambani leo," akaenda zake.

Pia wapo wale wanaotumia mashine. Katika miaka ya karibuni mashine za kuchumia zimeenea katika mashamba makubwa, nazo zimeleta uchungu mwingi; mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto huko Kericho na watu waliolalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Kwa habari ya mkono, anayeishika mashine hafinyi tena, bali hushikilia chuma kinachotetemeka kwa saa nyingi. Mtetemo wa muda mrefu waweza kudhuru mishipa midogo ya damu na ya fahamu, hata vidole vikawa vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi, na asubuhi za Kericho zina baridi ya kutosha. Mtu huyu asiishike mashine kwa kuikaba kuliko inavyohitajika, apashe mikono yake moto kabla ya kazi, na apokezane na wenzake. Kibano si dawa ya mtetemo.

USINUNUE NAMBA

Juu ya vibano vingi huandikwa namba, ama kwa ratili ama kwa kilo, na mnunuzi hudhani kwamba namba hiyo ni kama ile ya mizani. Sivyo. Nguvu inayotakiwa hutegemea mahali mkono unapokaa juu ya mpini. Ukibana karibu na springi, kibano ni kigumu. Ukibana kwenye ncha, ni chepesi. Ndivyo ulivyo mlango: usukume karibu na bawaba, utakataa, usukume ukingoni, utafunguka kwa kidole kimoja. Nao watengenezaji hawakupatana juu ya mahali pamoja pa kupimia. Kwa hiyo kibano kilichoandikwa kilo 40 chaweza kuwa kigumu kuliko kingine kilichoandikwa kilo 60.

Tena namba kubwa huvuta watu kwa sifa. Huko Marekani kampuni ya IronMind huuza vibano viitwavyo Captains of Crush. Nambari 3 kati ya hivyo imeandikwa ratili 280, yaani karibu kilo 127, na mtu wa kwanza kuthibitishwa kwamba amekifunga ni Richard Sorin, mwaka 1991. Nambari 4, ya ratili 365, ilifungwa na Joe Kinney mwaka 1998. Hao ni watu waliojitoa kwa kazi hiyo miaka mingi. Kijana wa Litein au wa Silibwet aliyesoma habari zao asidhani kwamba njia ya kufika huko ni kuanzia huko.

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa juu ya mizani. Akifika kwenye kituo cha kununulia majani, hatosheki kuambiwa uzito. Huitazama mizani mwenyewe. Basi afanye vivyo hivyo na kibano. Aukaze mpini mmoja katika jiliwa ya fundi, ukiwa umelala, na mpini wa pili uelekee juu. Kwenye ncha ya mpini wa juu afunge kamba, na chini ya kamba aning'inize ndoo, kisha amimine maji lita moja moja mpaka mipini igusane. Lita moja ya maji ni kilo moja; aongeze na uzito wa ndoo yenyewe. Ndoo moja isipotosha, afunge ya pili. Miguu na watoto wakae mbali, maana kamba yaweza kukatika. Vibano vyote vikipimwa kwa namna hiyo moja, vyaweza kulinganishwa kwa haki, na maneno yaliyochapishwa juu ya mpini hayatakuwa na nguvu tena. Watu watano au sita wa kijiji kimoja, au wa ofisi moja, waweza kushirikiana katika kupima, na mmoja akamwachia mwenzake kibano alichokwisha kukizidi.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, atazame springi. Iwe ya chuma cha pua, isiyo na kutu wala ufa, na ikifungwa isilie. Vibano vya plastiki vyenye parafujo ya kuongeza na kupunguza ugumu ni vizuri kwa anayeanza na kwa nyumba yenye watu wengi, maana kimoja huwafaa baba, mama na kijana. Lakini parafujo yake ijaribiwe pale pale, kwa kuwa hiyo ndiyo huharibika upesi.

Pili, atazame upana. Mipini ikiwa wazi, vidole vyote vinne viufikie mpini wa mbele na kuukunjia vema, si kuugusa kwa ncha tu. Mwenye kiganja kidogo akichukua kibano kipana, kidole kidogo hakitafanya kazi yoyote.

Tatu, aikutanishe mipini mara kadhaa na kuona kama inaelekeana sawasawa. Kibano kilichopinda hukipinda na kifundo.

Nne, afikiri juu ya ngozi. Mipini ya chuma iliyochongwa michoro ya kukwaruza haitelezi, lakini huchubua kiganja laini. Mipini yenye sifongo ni ya raha, ila hunywa jasho na kuoza upesi katika nchi yenye mvua nyingi kama ile. Mpini wa mpira mgumu ni wa katikati.

Tano, kama ana fedha ya vibano viwili, anunue viwili vyepesi vinavyofuatana kuliko kimoja kigumu cha kujionyesha. Cha kwanza ni cha kazi ya leo, cha pili ni cha miezi miwili ijayo.

NAMNA YA KUTUMIA

Siku tatu kwa juma zatosha, na baina yake ziwepo siku za kupumzika. Kwanza mikono ipashwe moto, kwa maji ya vuguvugu au kwa kufungua na kufunga vidole mitupu mara 20. Kisha kibano kibanwe mara 8 hadi 12, pumziko la dakika mbili, na kurudiwa mara tatu kwa kila mkono. Kifungwe kwa nguvu, kifunguliwe taratibu. Kukiachia kiruke ni kupoteza nusu ya faida. Kifundo kikae kimenyooka, wala kisipindwe ndani. Pumzi isizuiwe, maana kubana huku umezuia pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafula. Mwenye ugonjwa huo amwulize daktari kabla ya kuanza. Mwisho wa yote uvaliwe ule mpira wa kufungulia vidole, hata na karani.

Anayetaka gumba lenye nguvu achukue vipande viwili vya ubao laini, avishike pamoja kwa ncha za vidole, na kuvishikilia kwa kuhesabu mpaka 20, kisha baadaye afunge uzito kidogo chini yake. Zoezi hilo halina gharama, na kibano hakiliwezi.

Uchovu wa misuli ya kigasha ni jambo la kawaida, nao huondoka baada ya siku moja au mbili. Lakini maumivu makali ya kiwiko upande wa nje, ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku, au kikombe kinachoponyoka mkononi bila sababu, hayo si matunda ya mazoezi. Aliyeyapata aache kibano mara moja, na yakiendelea aende hospitali, asingoje mpaka gumba lipoteze nyama yake.

WAZEE NAO WASISAHAULIWE

Mwaka 2015 jarida la madaktari la Lancet lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu karibu 140,000 katika nchi 17. Walipimwa nguvu za mkono kwa chombo maalumu, wakafuatwa kwa miaka kadhaa. Ilionekana kwamba kila nguvu ya mkono ilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 16. Nao mabingwa wa Ulaya waliandika mwaka 2019 kwamba mwanamume ambaye mkono wake haufikishi kilo 27, na mwanamke ambaye haufikishi kilo 16, yafaa achunguzwe kama misuli ya mwili wake wote inadhoofika.

Habari hizi wauzaji wengine huzitumia vibaya, wakisema kwamba kibano huongeza miaka. La hasha. Mkono ni kama moshi wa nyumba: hueleza kama ndani kuna moto, lakini kuongeza moshi hakuivishi chakula. Mzee atakaye nguvu atembee, ainuke kitini mara kwa mara bila kujishika, alime bustani yake, ale chakula chenye nguvu, na kibano chepesi kiwe nyongeza tu. Lakini mzee ambaye mwaka jana alifungua kifuniko cha chupa na mwaka huu hawezi, jamaa zake wasimcheke, wampeleke akapimwe.

Kuna methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwa mvivu atafutaye udhuru. Lakini katika jambo hili mwenye kuchagua vema ndiye mwenye busara. Aulize kwanza, "Mkono wangu umefanya kazi gani leo?" Kama umekaa bure, apewe kibano. Kama umebana, upewe pumziko. Kama umefinya chai tangu alfajiri mpaka saa nane, upewe mpira wa senti chache, maji ya vuguvugu, na usingizi. Kwa maana kesho alfajiri majani yatakuwa yamekua tena, na mkono ule ule ndio utakaongojewa.